Kulwa, Doto na chupa ya kobalti

Chupa yenyewe ni ndogo, ya kioo cha kahawia, na ilikuwa kwenye kabati la maabara yetu kabla mimi sijaajiriwa. Ndani kuna fuwele za rangi ya waridi iliyokolea, zimegandana kwa unyevu wa Mbeya. Lebo imeliwa na mende upande mmoja, lakini maandishi bado yanasomeka: COBALTOUS CHLORIDE.

Ilikuwa Ijumaa ya kuhesabu vifaa. Binti mmoja wa kidato cha tatu alikuwa ananisaidia: yeye anasoma lebo, mimi naweka tiki kwenye daftari. Alipoishika chupa hiyo akaigeuza mara mbili.

"Madamu, hii 'ous' ya mwishoni ni ya nini?"

"Ni mbili," nikajibu bila kuinua kichwa. "Kobalti yenye chaji mbili."

Akairudisha kabatini. Chupa ya tatu kutoka pale ilikuwa CUPROUS OXIDE. Akaitazama, akanitazama.

"Mbona hapa shaba ni moja?"

Nikamwambia hayo ni majina ya kizamani, tuendelee, jua linazama. Tukaendelea.

Usiku sikulala vizuri. Kutojua kitu ni jambo la kawaida kwa mwalimu, na huwa nawaambia wanafunzi wangu hivyo. Kilichonikera ni ile sauti niliyojibia. Ilikuwa sauti ya mtu anayejua.

## Farasi kloraidi

Tuliosoma kemia zamani kidogo tunakumbuka kile kicheko cha nyuma ya darasa. Mwalimu anasema "ferasi kloraidi", na mtu anamalizia kwa sauti ya chini: farasi. Tulikaririshwa majina hayo kwa jozi kama jedwali la kuzidisha, chuma kwanza, kisha shaba, bati na kobalti. Ferasi mbili, feriki tatu. Kuprasi moja, kupriki mbili. Stanasi mbili, staniki nne. Kobaltasi mbili, kobaltiki tatu.

Tuliimba, tukafaulu, tukawa walimu.

Wanafunzi wa sasa hawaimbi tena. Vitabu vyao vinaandika namba ya Kirumi kwenye mabano, kobalti(II), kobalti(III), na mambo yanaisha hapo. Majina ya kale wanakutana nayo kwenye chupa tu. Kwa hiyo yule binti alikuwa anaisoma ile lebo kama mtu anayesoma jiwe la kaburi la mgeni, herufi kwa herufi. Pengine ndiyo maana aliona ambacho mimi sikukiona kwa zaidi ya miaka ishirini.

Niliziandika zile jozi nyuma ya bahasha: 2 na 3, 1 na 2, 2 na 4, 2 na 3. Kwa hiyo "-ous" ni mbili, isipokuwa pale inapokuwa moja. Na "-ic" ni tatu, au mbili, au nne.

Kanuni gani hiyo?

## Salfa iliyojaa

Wiki ya kwanza nilikuwa naitafuta hesabu. Nilidhani kuna mantiki ya elektroni imejificha mahali, nikiipata nitakuwa na jibu la Jumatatu. Nilichora mpangilio wa elektroni wa kila metali kwenye orodha. Haukunipeleka popote.

Kilichonizindua ni tarehe. Miisho hiyo ilipangwa Paris mwaka 1787, na watu wanne: Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy. Elektroni iligunduliwa mwaka 1897. Miaka 110 baadaye.

Wangehesabuje kitu ambacho hakijajulikana?

Hawakuhesabu. Walichokuwa nacho mezani ni asidi, hasa zile mbili za salfa. Moja waliiona ina oksijeni pungufu, wakaipa mwisho wa "-eux". Nyingine waliiona imeshiba oksijeni, wakaipa "-ique". Waingereza wakachukua, ikawa "-ous" na "-ic", na baadaye miisho ikahama kutoka kwenye asidi hadi kwenye metali.

Hapo nikakwama tena, na safari hii kwa siku kadhaa. Huo "-eux" unatokana na "-osus" ya Kilatini, yenye maana ya kujaa kitu, kuwa nacho tele. Sasa inakuwaje mwisho wenye maana ya tele upewe yule aliyepungukiwa?

Jibu nililoridhika nalo lilikuja nikiwa nakuna nazi, na si la mtaalamu yeyote, ni langu. Tatizo lilikuwa upande niliosimama. Nilikuwa naangalia kutoka upande wa oksijeni. Ukisimama upande wa salfa, ile asidi yenye oksijeni kidogo ndiyo iliyojaa salfa. Vivyo hivyo oksidi ya kobalti iliyo pungufu oksijeni: ukiipima, sehemu kubwa zaidi ya uzito wake ni kobalti. Kobaltasi ni ile iliyojaa kobalti. Jina halisemi uongo.

Lakini halisemi mbili.

## Doto hayupo leo

Jumatano nikaita majina darasani. Nilipofika kwa Doto, hakuna aliyeitika. Wenzake wakasema anaumwa, na mmoja akaongeza, "Kulwa yupo kidato cha pili, tumuulize?"

Nikasimama na kalamu hewani.

Msomaji wa Tanzania sina haja ya kumweleza. Pacha wa kwanza kutoka ni Kulwa, wa pili ni Doto. Ukiambiwa fulani anaitwa Kulwa, umejua kwamba alitangulia, na kwamba nyumbani kuna mwenzake. Umri wake hujaambiwa. Kulwa wa nyumba hii ana miaka sitini na wajukuu. Kulwa wa nyumba ya jirani bado ananyonya. Ukimlinganisha Kulwa wa huku na Doto wa kule kwa kuangalia majina tu, utaaibika.

Ndivyo ilivyo "-ous" na "-ic". Nyumbani kwa chuma, Kulwa ni mbili na Doto ni tatu. Nyumbani kwa shaba, Kulwa ni moja na Doto ni mbili. Kwa bati, mbili na nne. Kwa kobalti, mbili na tatu. Jina linakupa nafasi ya mtu ndani ya nyumba yake, na lazima uwe unaifahamu nyumba kabla jina halijakufaa.

Nilifuta ubao nikawaeleza hivyo hivyo. Walicheka, hasa waliotoka Usukumani, na mmoja akauliza swali ambalo lilistahili kuulizwa: nyumba ikiwa na watoto zaidi ya wawili? Nikamtajia manganizi, ambayo ina kampaundi za mbili, tatu, nne, sita na saba. "Hapo hata ukimwongeza Shija, yule anayewafuata mapacha, hawatoshi," nikasema. Ndipo palipomtesa Alfred Stock, mkemia Mjerumani, ambaye mwaka 1919 alipendekeza tuache miisho tuandike namba yenyewe ndani ya jina. Tarakimu za Kirumi ziliingizwa baadaye kidogo. (Stock huyo huyo zebaki ya maabara ilimdhuru, akaja kuwaonya wenzake kwa maandishi. Nilipolisoma hilo nilikwenda kuiangalia rafu yetu ya vipimajoto vilivyovunjika.)

## Kobaltiki iko wapi?

Baada ya kipindi nilirudi kabatini. Kloraidi ya kobalti(II) tunayo. Salfeti ya kobalti(II) tunayo. Zile karatasi za kupimia maji, za bluu zinazogeuka waridi zikilowa, nazo ni kobalti(II). Kobaltiki hata chembe. Nikajaribu kukumbuka kama niliwahi kuishika popote, chuoni au kazini.

Sijawahi.

Sababu ni kwamba ayoni ya kobalti(III) ikiachwa peke yake majini haina utulivu. Ina njaa ya elektroni kiasi cha kuyapokonya maji yenyewe, oksijeni ikatoka, nayo ikashuka kuwa mbili. Kloraidi yake ya kawaida haidumu katika joto la chumbani. Ndiyo maana kwenye chupa za shule Kulwa anakaa miaka thelathini bila wasiwasi, na Doto haonekani.

Bluu ya vyombo vya Kichina ni ya huyo huyo Kulwa. Vile vipande vya bakuli za bluu na nyeupe vilivyofukuliwa Gedi na Kilwa vimekaa ardhini karne na karne, na rangi ni ile ile.

Doto anatulia akipata watu wa kumshika. Amonia humshika vizuri sana. Katika karne ya 19 wakemia wa Ulaya walikuwa na safu nzima ya chumvi za kobaltiki na amonia, na kwa kuwa hawakuelewa zimejengwaje, waliziita kwa rangi: luteo ni njano, purpureo ni zambarau, praseo ni kijani, violeo ni urujuani. Neno "luteocobaltic" maana yake ni hiyo tu, kobaltiki ya njano. Wakati kitu hukielewi, angalau rangi unaiona.

Aliyezifungua ni Alfred Werner wa Zürich, mwaka 1893, akiwa hajafika miaka thelathini. Inasimuliwa kwamba aliamka saa nane usiku jibu likiwa kichwani, akaandika hadi jioni. Jaribio linalonivutia mimi katika habari hiyo hata shule ya kata inaweza kulielewa. Chukua zile chumvi, kila moja ina klorini tatu kwa kila kobalti. Mimina nitrati ya fedha. Ya njano, yenye amonia sita, inatoa klorini zote tatu kama mashapo meupe. Ya zambarau, yenye amonia tano, inatoa mbili. Ya kijani, yenye amonia nne, inatoa moja tu. Zilizobaki zimeshikwa na kobalti na hazitaki kuachia. Werner akasema kobalti ina namba mbili: tatu ya chaji, na sita ya wale wanaomzunguka. Nobel ikamfuata mwaka 1913.

Neno "cobaltic" lilikuwa limebeba ile namba ya kwanza tu, na hata hiyo kwa kuidokeza.

## "Na ya kwenye simu?"

Nilidhani nimemaliza. Nilimwita yule binti nikamwambia kwamba siku ile nilimjibu vibaya, na sasa jibu lipo. Alisikiliza hadi mwisho, akashukuru, akageuka kuondoka, kisha akasimama mlangoni.

"Madamu, na ile kobalti ya kwenye simu? Ni Kulwa au Doto?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimejifunza.

Kobalti ya simu inapita karibu na nyumbani kwangu. Anayeishi barabara kuu ya Tunduma anayajua malori yale, foleni inavyonyooka, madereva wanavyochemsha chai chini ya trela. Mume wa dada yangu ni mmoja wao. Anapakia Kolwezi, anapita Lubumbashi, Kasumbalesa, anaikata Zambia, anaingia Tunduma, na akifika Mbeya analala kwetu kabla ya kuteremka Dar es Salaam bandarini.

"Shemeji," nikamuuliza alipokuja, "unabeba kobalti gani?"

"Kuna kobalti gani na gani?"

Akanionyesha picha ya karatasi zake kwenye simu. Haidroksidi ya kobalti, imeandikwa kwa Kiingereza, bila namba yoyote. Nikamuuliza inafananaje. Akasema mfuko mmoja uliwahi kupasuka Nakonde. Ni kama matope yaliyokaukia, rangi ya chai ya maziwa, lakini ukivunja donge ndani kuna uwaridi fulani.

Alisema hivyo huku anakula, hajui kwamba amenipa kila kitu.

Haidroksidi ya kobalti(II) safi ni ya waridi. Ikikaa na hewa, polepole inapanda kuwa kobalti(III), nayo inakuwa ya kahawia. Donge la shemeji lilikuwa na Kulwa ndani na Doto juu, kazi ya hewa ya njiani.

Na huko inakotoka je? Nilitumia Jumamosi mbili kuifuata. Katika miamba ya juu ya Kolwezi kobalti iko zaidi kwenye madini meusi yanayoitwa heterojenaiti, na humo ni ya tatu. Doto, kwa hiyo, yupo ardhini Kongo kwa wingi, na anayemtoa mara nyingine ni mchimbaji mdogo mwenye sururu na kamba, anayezungumza Kiswahili kama mimi na ambaye hakuna lebo yoyote inayomtaja. Wajerumani wa Saxony waliochimba madini ya kobalti zamani walidhani wamerogwa. Waliyachoma wakitafuta fedha wakapata mvuke wa sumu ya aseniki, wakamlaumu zimwi la mgodini, kobold, na jina likabaki.

Kiwandani ndipo lilipo jambo lililonifanya niweke kikombe chini. Heterojenaiti ni ngumu kuyeyuka kwenye asidi, kwa sababu kobalti yake ni ya tatu. Lazima apatikane wa kuipa elektroni ishuke hadi mbili, na kazi hiyo mara nyingi hufanywa na gesi ya dioksidi ya salfa, au chumvi inayoitoa. Dioksidi ya salfa ikiingia majini ndiyo ile ile asidi pungufu ya wale Wafaransa wanne, yenye "-ous". Inatoa elektroni, inapanda kuwa ile ya "-ic". Kobalti inazipokea, inashuka kutoka "-ic" kwenda "-ous".

Salfa na kobalti wanabadilishana miisho ya majina.

Niliisoma mara tatu. Miisho iliyobuniwa Paris kwa ajili ya salfa inabadilishwa mikono kila siku Kolwezi, ndani ya matangi, halafu mzigo unatiwa magnesia, unaganda, unafungwa mifukoni na kupita mbele ya duka ninaponunua mkate.

Baada ya Dar ni meli, na mara nyingi China. Huko inaweza kugeuzwa kuwa oksidi nyeusi ambayo kobalti yake moja ni ya pili na mbili ni za tatu. Lebo za kale ziliita hiyo "cobaltosic", mapacha wote ndani ya neno moja, na nakiri kwamba nimelipenda neno hilo kuliko namba zozote. Kisha inachomwa pamoja na kampaundi ya lithiamu, inakuwa ile oksidi ambayo kundi la John Goodenough lilionyesha Oxford mwaka 1980 kwamba inafaa kwa betri, na Sony wakaiingiza sokoni mwaka 1991. Humo kobalti ni ya tatu tena.

Basi jibu ni Doto? Hapana, halijaisha. Ukiichomeka simu kwenye chaji, lithiamu inatoka kwenye ile oksidi, na sehemu ya kobalti inapanda hadi nne. Majina ya kale hayana neno la kobalti ya nne. Baada ya "-ic" ukuta. Na hapo ndipo nilipomsamehe Stock kwa namba zake kavu.

## Lebo mpya

Nilijaribu kuandika lebo ya Kiswahili. "Kloridi ya kobaltasi" niliifuta mara moja, ingewarithisha tatizo lile lile. "Kobalti ya pili" inasikika kana kwamba kuna ya kwanza ilipotea. "Kobalti mbili" ukiisoma kwa sauti, mtu atatafuta kobalti mbili. Mwishowe nikaandika "Kloridi ya kobalti(II)" na wino wa kalamu nene, nikaibandika chini ya lebo ya zamani bila kuifunika. Darasani bado tunasoma "kobalti tuu", kwa Kiingereza kibovu kila mtu anaelewa.

Binti nilimpa jibu la simu Alhamisi. Alisema, "Kumbe Shija yumo," kisha akaenda kucheza netiboli.

Shemeji alipiga juzi kutoka Kasumbalesa, yuko foleni siku ya pili. Nikamsimulia yote, maana alikuwa na muda.

"Kwa hiyo nabeba Kulwa," akasema.

"Unabeba Kulwa, na kidogo cha Doto juu juu."

"Na Doto mwenyewe anarudi na nani?"

"Umemshika sikioni, shemeji. Ukiwa na chaji anakuwa na Shija. Ikiisha, anabaki Doto mtupu."

Akacheka. Nikamsikia anaondoa simu sikioni, anatazama kioo.

"Basi hapa ni Doto karibu mtupu," akasema. "Asilimia nne. Mwambie dada yako kwamba..."

Ikakatika.